Samadi kwanza, mfuko baadaye: rutuba ya milima ya Butembo na Lubero

Kila gunia la viazi mviringo linaloteremshwa kutoka milima ya Lubero hadi masoko ya Butembo hushuka na sehemu ya udongo wa huko. Tani moja ya viazi huondoka shambani na karibu kilo 3 za naitrojeni, nusu kilo ya fosforasi na kilo 4 hadi 5 za potasiamu. Kabichi, karoti, vitunguu, mahindi, ngano na maharagi nayo yana mgao wake. Chakula kinaliwa mjini, katika komine za Kimemi, Bulengera, Mususa na Vulamba. Maganda na majani yanaishia jalalani au yanasombwa na mvua hadi mto Kimemi. Gari lililoleta mazao hurudi mlimani likiwa limebeba chumvi, sabuni na nguo. Kile kilichotolewa ardhini hakirudi.

Zamani pengo hili lilizibwa na kulaza shamba. Familia ililima upande mmoja wa mlima na kuuacha mwingine upumzike miaka kadhaa. Leo upande wa kupumzisha haupo tena. Watoto wamegawana, mikalitusi imechukua miteremko, mji umepanuka, na vita vimewafungia watu mbali na mashamba ya mbali. Shamba lililokuwa likilimwa msimu mmoja na kulala sasa linalimwa msimu A, unaoanza Agosti au Septemba, kisha msimu B, unaoanza Februari au Machi, mwaka baada ya mwaka.

Hapo ndipo mabishano yanapozuka. Wapo wanaosema mbolea ya dukani huchoma udongo na kuuzoesha, kwa hiyo mkulima ashike samadi yake tu. Wapo wanaosema samadi ni mambo ya wazee, haitoshi, na anayetaka kuvuna anunue DAP na urea. Kila upande una ushahidi wake, na kila upande umekosea mahali. Kwa jinsi ninavyoielewa milima hii, swali la kuchagua kimojawapo halina jibu zuri. Swali lenye jibu ni la utaratibu: kipi kitangulie, kipi kifuate, kwa zao gani na katika msimu upi.

Udongo wa kwetu si wa Rutshuru

Kivu Kaskazini ina aina mbili za milima. Kusini, kuelekea Goma, Rutshuru na Masisi, sehemu kubwa ya udongo umezaliwa na volkano. Ni mchanga kwa umri na una madini mengi. Huku kaskazini, Butembo na nyanda za juu za Lubero, udongo umetokana na miamba ya kale iliyonyeshewa kwa muda mrefu mno. Mvua imekwisha kuosha kalisi na magnesi, ikaacha chuma na alumini. Rangi yake nyekundu au ya kahawia hupendeza macho, lakini ndani yake kuna tindikali.

Tindikali hiyo ina kazi mbili mbaya. Ya kwanza, pH ikishuka chini ya 5.5 alumini huanza kuyeyuka katika maji ya udongo, na alumini iliyoyeyuka hudumaza mizizi. Maharagi hutoa mizizi mifupi na minene isiyofika mbali, na jua la wiki mbili tu hutosha kuyanyausha. Ya pili, chuma na alumini huikamata fosforasi na kuifunga. Mkulima anaweza kutia DAP ya pesa nyingi, na sehemu kubwa ya fosforasi ikashikwa na udongo kabla mzizi haujaifikia.

Wakulima wanaijua ardhi ya namna hii hata bila maabara. Panapoota kangaga kwa wingi, wanajua pamechoka na pana ukali. Panapoota magugu laini yenye majani mapana, wanajua maharagi yatakubali. Ujuzi huo una thamani, na mtu wa ugani anayekuja na mifuko bila kuuliza magugu ya shamba huanza kazi vibaya.

Kwa hiyo mkulima anayesema alitia mbolea ya dukani na hakuona kitu anasema kweli. Kivu Kusini, upande wa Walungu, watafiti walikuta mashamba yaliyochakaa kiasi kwamba mbolea ya viwandani peke yake haibadilishi mavuno kwa kiwango cha kulipa gharama. Wataalamu huyaita mashamba yasiyoitikia mbolea. Kosa liko katika hatua iliyorukwa kabla mfuko haujafunguliwa.

Samadi inafanya nini, na inashindwa wapi

Hatua hiyo ni kuurudishia udongo mboji. Samadi iliyooza vizuri hushikana na alumini na kupunguza sumu yake. Hulinda sehemu ya fosforasi isifungwe. Hushika maji, hulisha wadudu na vijidudu wanaoupa udongo nafasi za kupumua, na huzuia naitrojeni isioshwe na mvua ya kwanza. Zaidi ya hayo huleta kalisi, magnesi, zinki na potasiamu, vitu ambavyo mifuko mingi ya dukani haina au ina kidogo.

Lakini tuwe wakweli kuhusu kiasi. Kipimo kinachotajwa mara nyingi kwa viazi na mboga ni tani 10 kwa hekta. Kwa shamba la ari 10, yaani mita za mraba 1,000, hiyo ni tani moja: magunia 20 ya kilo 50. Milimani kwetu magunia hayo hayapandi kwa gari. Hupandishwa na mama au binti, mgongoni, mshipi ukivuta kwenye paji la uso. Anayemshauri mkulima atie samadi nyingi ajue ni nani atakayeibeba.

Tatizo la pili ni chanzo. Mbuzi mmoja hutoa samadi kavu kidogo tu kwa mwaka. Familia nyingi zina mbuzi wawili watatu, nguruwe mmoja, kuku, na simbilisi wanaofugwa jikoni. Na samadi haiumbi rutuba kutoka hewani. Huihamisha kutoka mahali mnyama alipolishwa hadi mahali inapomwagwa. Mbuzi aliyelishwa majani ya mlima usio na fosforasi hutoa samadi yenye fosforasi haba. Anayetegemea samadi peke yake katika udongo wa namna hii anazungusha umaskini uleule kutoka kona moja hadi nyingine, na kila gunia la viazi linalokwenda sokoni linaupunguza mduara huo.

Hali ni hiyohiyo kwa tithonia, ile alizeti pori yenye maua ya njano iliyojaa kando ya barabara zetu. Utafiti uliofanywa magharibi mwa Kenya ulionyesha kwamba majani yake makavu yana takribani asilimia 3.5 ya naitrojeni na asilimia 4 ya potasiamu. Ni hazina, na inafaa kukatwa na kufukiwa. Lakini nayo huchota pale ilipoota. Kingo za barabara haziwezi kulisha mlima mzima.

Mfuko unafanya nini, na unadanganya wapi

Mbolea ya viwandani huleta kitu kipya kutoka nje ya mlima, na hilo ndilo jambo lake kubwa. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Kupata kiasi hicho kutoka kwa samadi kavu yenye naitrojeni asilimia 1.5 kunahitaji tani moja na nusu. Mfuko wa DAP una kilo 9 za naitrojeni na fosforasi inayohesabiwa kuwa kilo 23 za oksaidi yake. Kwa mama anayepanda mlima, tofauti kati ya kubeba kilo 50 na kubeba kilo 1,500 haihitaji maelezo.

Udanganyifu uko katika kile kisichoandikwa. DAP ni 18-46-0, na ile sifuri ya mwisho ni potasiamu. Kiazi hula potasiamu kuliko kirutubishi kingine chochote. Mkulima anayetia DAP msimu baada ya msimu kwenye viazi huona mavuno yakipanda mwanzoni, kisha yakianza kuporomoka huku akiongeza dozi. Hapo ndipo msemo wa kwamba mbolea huzoesha udongo unapozaliwa. Ukweli ni kwamba naitrojeni na fosforasi ziliusukuma mmea kunyonya potasiamu iliyobaki ardhini, na hakuna aliyeirudisha. Tena urea na DAP, zikitumiwa miaka mingi bila samadi wala chokaa, huongeza tindikali katika udongo ambao tayari una tindikali. Wazee wanaosema udongo umechomwa wameona jambo la kweli.

Halafu kuna bei. Mbolea yetu husafiri kutoka bandari ya Mombasa, hupita Kampala na Kasese, huvuka mpaka Mpondwe na kuingia Kasindi, kisha Beni na Butembo. Kila kizuizi cha barabarani huongeza kitu. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei duniani, wakulima wa mwisho wa njia hii waliumia kuliko walio karibu na bandari. Wakuu wa nchi za Afrika walipokutana Abuja mwaka 2006 waliahidi kupandisha matumizi ya mbolea kutoka wastani wa kilo 8 za virutubishi kwa hekta hadi 50 ifikapo 2015. Mwaka ulifika na ahadi haikufika. Walipokutana tena Nairobi Mei 2024, mkutano ulibeba jina la mbolea na afya ya udongo kwa pamoja. Badiliko hilo la jina linaonyesha somo lililopatikana kwa gharama kubwa: mifuko peke yake haikutosha.

Majaribio yanasemaje

Ushahidi bora wa Afrika Mashariki uko Kabete, karibu na Nairobi. Jaribio lililoanza 1976 limekuwa likizungusha mahindi katika mvua ndefu na maharagi katika mvua fupi, sehemu moja ikipewa samadi, nyingine mbolea ya viwandani, nyingine zote mbili, nyingine mabua yakirudishwa. Baada ya miaka 18 ya kupima, sehemu iliyopata samadi, mbolea ya viwandani na mabua kwa pamoja ndiyo iliyozaa vizuri zaidi. Lakini mboji ilipungua hata huko, ingawa polepole kuliko kwingine. Kuchanganya hupunguza kasi ya kuchoka kwa shamba linalolimwa bila kupumzika, hakuiondoi.

Mwaka 2011 watafiti walikusanya tafiti 57 za mahindi kutoka Afrika kusini mwa Sahara na kuzipima pamoja. Ikilinganishwa na shamba lisilotiwa chochote, mbolea ya asili peke yake iliongeza mavuno kwa asilimia 60, ya viwandani peke yake kwa asilimia 84, na zote mbili kwa asilimia 114.

Takwimu hizi hunukuliwa mara nyingi kama ushindi wa mchanganyiko, na ni ushindi kweli. Lakini tuzisome hadi mwisho. Sitini na themanini na nne ni 144, si 114. Anayetia dozi kamili ya samadi na dozi kamili ya mfuko havuni jumla ya faida mbili, na sehemu ya pesa yake imepotea. Maana yake kwa mkulima wa Lubero asiye na fedha nyingi ni moja: akishatia samadi, apunguze mfuko. Faida ya kuchanganya iko katika kupata mavuno mazuri kwa nusu ya dozi.

Burundi imelifikisha wazo hili kiwandani: kiwanda cha FOMI hununua samadi kwa wakulima, huichanganya na virutubishi vya viwandani na kuiuza ikiwa mfuko mmoja. Ni njia inayofaa kutazamwa kwa makini, ingawa mkulima mwenye samadi nyumbani anaweza kufanya mchanganyiko wake kwa gharama ndogo zaidi, shimoni.

Mzunguko ndio ratiba

Hapa ndipo kilimo cha mzunguko kinapoingia. Wengi huuelewa mzunguko kuwa dawa ya magonjwa tu. Ni dawa kweli: bakteria anayenyausha viazi hubaki udongoni akingoja kiazi kingine, au nyanya, pilipili na biringanya ambazo ni ukoo mmoja nacho. Kabichi ikirudiwa katika udongo wa tindikali hupata uvimbe wa mizizi. Lakini zaidi ya dawa, mzunguko ni ratiba ya kugawa mbolea. Unaamua zao gani lipewe nini, na lipi liishi kwa mabaki ya mwenzake.

Tuchukue shamba la ari 10 katika nyanda za juu.

Msimu wa kwanza ni wa viazi, zao lenye njaa kubwa na bei nzuri. Hapa samadi yote na sehemu kubwa ya mfuko ndipo pake. Mashimo yakiwa na nafasi ya sentimita 75 kwa 30, shamba hili lina mashimo kama 4,400. Tani moja ya samadi ikigawanywa, kila shimo linapata gramu 220 hivi, ujazo wa viganja viwili. Juu yake kifuniko kimoja cha chupa ya soda cha NPK 17-17-17, karibu gramu 5. Kisha udongo kidogo wa kutenganisha, maana chumvi ya mbolea ikigusa mbegu huiunguza, ndipo kiazi kinawekwa na kufunikwa. Shamba zima linatumia kilo 22 za NPK, chini ya nusu ya mfuko.

Tufanye hesabu. Mavuno ya tani moja na nusu yataondoka na kilo 4.5 za naitrojeni, pungufu ya kilo moja ya fosforasi na kilo 6 au zaidi za potasiamu. Kilo 22 za NPK zinarudisha kilo 3.7 za naitrojeni, kilo 1.6 za fosforasi na kilo 3 za potasiamu. Naitrojeni inayopungua hutoka kwenye samadi, ambayo huachia karibu theluthi ya akiba yake katika mwaka wa kwanza. Pengo la potasiamu nalo linazibwa na samadi, ambayo kwa tani moja yenye unyevu wa nusu huwa na kilo 5 au zaidi, mradi mkojo haukupotea. Na fosforasi inabaki ya ziada kwa zao linalofuata. Kati ya samadi na mfuko, hakuna hata kimoja ambacho kingefunga hesabu hiyo peke yake kwa gharama hii.

Msimu wa pili ni wa maharagi, hasa yale ya kupanda juu ya miti, au njegere zinazoipenda baridi ya Lubero. Hayahitaji urea. Yanahitaji fosforasi, na ile iliyobaki kwenye mashimo ya viazi inayangoja hapo. Ni katika msimu huu mkulima anaweza kuipima kazi yake kwa macho. Maharagi yanapochanua, ang'oe mche mmoja taratibu kwa jembe, asiuvute kwa mkono, na asuuze mizizi. Ataona vinundu vidogo. Akikata kimoja kwa ukucha, ndani kikiwa chekundu au cha waridi, bakteria wanafanya kazi ya kuvuna naitrojeni kutoka hewani. Kikiwa cheupe au cha kijani, hawafanyi. Na mara nyingi sababu ni tindikali au upungufu wa fosforasi. Kipimo hicho hakina gharama na hakihitaji cheti.

Lakini maharagi hayawezi kuurutubisha udongo yakiondolewa yote. Naitrojeni nyingi iliyovunwa hukaa kwenye punje, nazo zinaliwa au kuuzwa. Kinachobaki ni majani, maganda na mizizi. Mkulima akiyachoma baada ya kupura, kama inavyofanyika mara nyingi, amechoma faida yote ya msimu ule. Yarudi shambani, au yapite kwa mbuzi kwanza halafu yarudi.

Msimu wa tatu ni wa mahindi au ngano. Nafaka hizi hutafuta naitrojeni na zina mizizi inayoshuka kuchukua kile ambacho kiazi na haragi havikukifikia. Mabaki ya maharagi na theluthi nyingine ya samadi zinazilisha sehemu. Mahindi yakifika magotini, urea kidogo, tena kifuniko kwa shimo, ifukiwe papo hapo. Urea iliyoachwa juu ya ardhi sehemu yake huwa hewa kabla ya jioni ya pili.

Msimu wa nne unaweza kuwa wa kabichi na karoti zikipewa samadi mpya iliyooza kabisa, au wa mikunde tena ikiwa pesa haipo. Upande wa Beni, kwenye joto zaidi, majina hubadilika: mahindi, soya au karanga, kisha muhogo. Kanuni ni ileile. Zao lenye njaa hupata samadi, mkunde huishi kwa mabaki na fosforasi, nafaka hupata nyongeza ndogo ya naitrojeni.

Mambo yanayoharibu kazi

Samadi mbichi huua mpango mzima. Ikiwa na majani makavu mengi, vijidudu huteka naitrojeni ya udongo ili kuiozesha, na mahindi hugeuka njano. Huleta mbegu za magugu, na ikimwagwa kwenye mboga zinazoliwa mbichi huleta minyoo na kuhara. Samadi irundikwe, ichanganywe na majani mabichi na makavu, igeuzwe kila baada ya wiki mbili tatu, na ifunikwe kwa majani ya mgomba. Lundo zuri huchemka hadi nyuzi 55 au 60 za joto, mtu hawezi kuacha mkono ndani. Baada ya miezi miwili mitatu hugeuka jeusi, hunukia kama udongo wa msitu, na halionekani tena asili yake.

Kufunika si urembo. Kwa mvua zetu, lundo lililo wazi huoshwa, na maji ya kahawia yanayotiririka kutoka kwake ndiyo potasiamu yenyewe ikienda bondeni. Vilevile karibu nusu ya naitrojeni anayoitoa mnyama iko kwenye mkojo. Zizi lisilotandikwa nyasi hupoteza nusu hiyo kila usiku.

Majivu ya jikoni hupunguza tindikali na yana potasiamu, ila yasichanganywe na urea, DAP wala samadi mbichi. Ukali wake hufukuza naitrojeni hewani. Yatangulie wiki mbili tatu. Panapopatikana chokaa ya kilimo, nayo ina kazi kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Upande wa pili wa mpaka, Hima karibu na Kasese, kuna chokaa ya kutosha kulisha kiwanda cha saruji. Kuifikisha Butembo ikiwa imesagwa kwa ajili ya mashamba ni biashara inayongoja mtu.

Na yote haya ni kazi bure kwenye mteremko usio na kinga. Mistari ya majani ya setaria au tripsakamu kwa kufuata usawa wa mlima huzuia udongo na hulisha mbuzi. Wakati wa ukoloni kazi hizi zilifanywa kwa kulazimishwa, na uchungu huo uliwafanya wengi wazichukie. Tusiichukie kinga kwa sababu ya fimbo iliyoileta.

Ardhi, mwanamke na amani

Mkulima anaweza kuyajua yote haya na bado asiyafanye, na si kwa uvivu. Samadi hulipa kwa misimu mitatu au minne. Mbolea ya dukani hulipa kwa msimu mmoja. Aliyekodi shamba kwa msimu mmoja ana haki ya kujiuliza kwa nini abebe magunia 20 kwa faida ya mwenye shamba. Sheria ya ardhi ya nchi yetu ya 1973 iliahidi amri ya rais ya kupanga haki za ardhi za kimila, na miongo ilipita bila amri hiyo. Wakati huo wote mpangaji na mjane wamelima kwa wasiwasi, na udongo umelipa. Mikataba ya maandishi ya misimu minne mbele ya chifu na mashahidi ingeongeza rutuba kuliko semina nyingi.

Mwanamke ndiye anayebeba samadi, anayepanda na anayepalilia, lakini mara nyingi si yeye anayeamua mavuno yauzwe vipi wala pesa ya mfuko itoke wapi. Mashirika yaliyozaliwa hapa, kama LOFEPACO ya wanawake wakulima, SYDIP inayotetea wakulima na ushirika wa COOCENKI, yana nafasi ya kununua mbolea kwa pamoja na kuigawa kwa vipimo vidogo vya uhakika.

Kisha kuna vita. Watu wa Beni wamekuwa wakiuawa mashambani tangu Oktoba 2014. Kusini mwa Lubero, Kanyabayonga ilianguka mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Juni 2024 na maelfu wakakimbilia kaskazini. Mifugo iliyoibwa ni samadi iliyoibwa. Mtu asiyejua kama atakuwepo kuvuna hajengi lundo la miezi mitatu. Mashamba ya karibu na mji, yaliyo salama kidogo, yanalimwa hadi kufa. Amani ni pembejeo ya kwanza, na hakuna kipimo cha mbolea kinachoweza kuchukua nafasi yake.

Hata hivyo kuna jambo lililo mikononi mwetu leo. Butembo inakusanya rutuba ya milima yote inayoizunguka na kuitupa. Maganda ya ndizi, muhogo na viazi, majani ya kabichi, pumba za vinu: hayo ni potasiamu na kalisi ya Lubero. Yakitengwa sokoni kabla hayajachanganyika na plastiki, betri na vioo, yakaozeshwa na kurudishwa kwa magari yaleyale yanayorudi mlimani nusu tupu, mduara ungeanza kufungwa. Kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu Katoliki cha Graben kina wanafunzi wa kupima, ukumbi wa jiji una mamlaka ya kutenga taka, na vyama vya wakulima vina wanachama wa kuzipokea.

Hukumu yangu basi ni hii. Zuia udongo usishuke. Punguza tindikali kwa majivu au chokaa. Tia samadi iliyooza kwa zao lenye njaa. Ndipo ufungue mfuko, kwa kifuniko cha soda, tena uwe mfuko wenye potasiamu ikiwa unapanda viazi. Anayeanza na mfuko kwenye udongo mtupu anatupa pesa. Anayekataa mfuko kabisa kwenye udongo usio na fosforasi anawanyima watoto wake chakula ambacho ardhi ingeweza kutoa. Msimu ujao, mkulima mwenzangu, usijaribu mlima mzima. Chukua ari moja, ifanyie hivi, ari ya pembeni uiache kama ulivyozoea, na upime mavuno ya zote mbili kwa ndoo ileile.